Sura ya 6: Kamba Inayojua Kuachia

Injini ndogo ya petroli haijianzishi yenyewe. Kabla haijawaka, lazima nguvu ya nje iizungushe: pistoni ishuke ivute hewa na mafuta, ipande iyabane, na sumaku za flaiwili zipite mbele ya koili kwa kasi ya kutosha kurusha cheche kwenye plagi. Kwenye gari kazi hiyo hufanywa na mota ya umeme, mpango ulioingia sokoni na gari la Cadillac la mwaka 1912 kutokana na kazi ya Charles Kettering. Kwenye pampu ya maji, jenereta ya dukani, msumeno wa mnyororo na mota ndogo ya boti, kazi hiyo bado ni ya mkono wa mtu na kamba.

Sura hii ni ya yule anayetaka kujitengenezea stata ya kamba. Kama injini yako ni ya aina iliyozoeleka na stata yake inauzwa, nenda kainunue. Hutaweza kuishinda kwa bei wala kwa muda. Lakini kuna injini zilizonunuliwa chakavu bila kava, kuna za zamani ambazo vipuri vyake havitengenezwi tena, na kuna zilizohamishwa kutoka jenereta kwenda mashine ya kukoboa mpunga, ambako kishikio sasa kinatazama ukuta. Kwa injini kama hizo, fundi mwenye mashine ya kukereza, grainda na subira anaweza kuunda stata itakayofanya kazi miaka mingi. Sharti ni aelewe kwanza nini hasa anachokiunda.

Ukimuuliza mtu stata inafanya nini, atajibu kwamba inazungusha injini. Ni kweli, na hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kamba yoyote iliyozungushiwa kitu cha mviringo itakizungusha ukiivuta. Ugumu unaanza pale injini inapowaka. Mpaka hapo mkono ndio ulioiongoza krenki. Ghafla krenki inaupita mkono na kuendelea kuongeza kasi. Jenereta ya kawaida ya hezi 50 huzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kila sekunde. Chochote kilichobaki kimeshikana na krenki wakati huo, iwe kamba, chuma au mkono, kitakwenda nayo. Kwa hiyo stata hupimwa kwanza kwa namna inavyoachia, na kila kipimo tutakachokitaja baadaye kinafuata jambo hilo.

Waliotutangulia walilijua hili kwa maumivu. Tazama dizeli za silinda moja zinazosaga mahindi na kukoboa mpunga vijijini kwetu, zile za hendeli. Mwisho wa hendeli kuna mkato uliolala mshazari unaoshika pini ya krenki. Ukizungusha, mkato unaivuta pini. Injini ikikupita, ule mshazari unaisukuma hendeli itoke nje. Hakuna springi wala kifaa kingine, ni pembe ya chuma tu. Anayefundishwa kuwasha dizeli hizo huambiwa aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, asikizungushe kwenye hendeli, ili injini ikipiga teke kurudi nyuma mkono ufunguke wenyewe badala ya gumba kuvunjika.

Upande wa boti mambo yalianza vibaya zaidi. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, alianza kuuza mota zake za boti mjini Milwaukee mwaka 1909. Mota hizo ziliwashwa kwa kushika kifundo kilichosimama juu ya flaiwili na kuizungusha kwa nguvu. Injini ilipowaka, kifundo kiliendelea kuzunguka na flaiwili, na mvuvi ambaye hakuondoa mkono haraka alikiona cha moto. Baadaye ikaja kamba: flaiwili ikawekewa puli yenye pengo ukingoni, mwisho wa kamba ukapigwa fundo, fundo likaingia kwenye pengo, kamba ikazungushwa mara chache na kuvutwa. Ikifika mwisho, fundo linachomoka na kamba inabaki mkononi. Njia hiyo haijafa. Mota nyingi za boti za leo bado hubeba kamba ya dharura, na flaiwili zake zina pengo la kuitumia stata ya kawaida inapoharibika katikati ya ziwa.

Napenda kuanzia hapo kwa sababu ndiyo stata rahisi kuliko zote unayoweza kuunda, na kwa injini inayowashwa mara moja kwa siku inatosha kabisa. Unahitaji puli moja iliyokerezwa, iliyofungwa katikati sawasawa mbele ya flaiwili, yenye mfereji wa kamba na pengo moja. Pengo ndilo lenye siri. Likatwe mshazari kuelekea upande injini inakozunguka, kingo zake zilainishwe kwa tupa, na fundo liingie kwa kulegea. Pengo lililokatwa wima au lenye ukingo mkali linaweza kuling'ang'ania fundo wakati injini tayari imewaka, na hapo kamba inageuka mjeledi unaozunguka mara kadhaa kwa sekunde. Kishikio cha mti kilichofungwa kwenye kamba ya namna hiyo kinaweza kumtoa mtu jicho. Anayewasha asimame pembeni, na nyuma yake asikae mtu. Puli hiyo ikiachwa wazi ni hatari pia injini inapofanya kazi, hasa kwa nguo ndefu na khanga, kwa hiyo iwekewe kizuizi cha nondo nyembamba au wavu mzito wenye uwazi wa kupitisha kamba tu.

Wengi hawatoshwi na hiyo. Wanataka kamba irudi yenyewe ndani, kishikio kikae mahali pake, na injini iwashwe mara nyingi bila kuzungusha kamba upya. Mara tu unapoifunga kamba kwenye puli moja kwa moja, umejiondolea njia ya kuachia iliyokuwa bure. Sasa puli nzima inapaswa kuishika krenki unapovuta na kuiachia inapowaka, na hapo ndipo mafundi wengi wazuri hukwama.

Wazo la kwanza linalowajia karibu wote ni friwili ya baiskeli. Linavutia kweli. Friwili ni bei rahisi, inapatikana kila mji, na kazi yake ni hiyo hiyo: inasukuma upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Hata mwelekeo unakubali, maana injini nyingi ndogo, ukizitazama kutoka upande wa stata, huzunguka kama mshale wa saa, na friwili nayo husukuma upande huo ukiitazama kutoka upande wa mnyororo. Unafunga sehemu ya ndani kwenye krenki, unachomelea puli kwenye meno ya nje, unaweka springi, na injini inawaka vizuri.

Kisha sikiliza. Puli imesimama, sehemu ya ndani inazunguka na krenki mara 50 kwa sekunde, na vidole vidogo vilivyomo ndani ya friwili vinapita juu ya meno mamia ya mara kila sekunde. Friwili iliundwa kwa mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli, gurudumu likizunguka mara chache tu kwa sekunde. Tena, kwa kasi ya injini, vidole vile vinatupwa nje na mzunguko wenyewe na kukandamizwa kwenye meno kwa nguvu ambayo springi zake ndogo hazingeweza kuitoa. Grisi inatupwa, chuma kinapata moto, meno yanalika. Siku friwili itakapokwama, puli itaanza kuzunguka na injini, kamba itavutwa ndani kwa nguvu, na springi itapasuka. Nimeona kifaa cha aina hiyo kikisifiwa na watu waliokitazama kikiwaka mara mbili tatu. Kuwaka mara mbili si kipimo. Usitumie friwili kwenye injini itakayofanya kazi kwa saa nyingi.

Kosa la friwili ni kwamba haiachii. Inateleza huku bado imegusana. Stata nzuri, injini ikishawaka, haigusani na krenki mahali popote.

Watengenezaji wa misumeno ya mnyororo walilipata jibu kwa kuitumia nguvu ile ile inayoiua friwili. Katika misumeno mingi, vidole viwili vya stata vimefungwa kwenye flaiwili, na springi nyembamba zinavisukuma kwa ndani viiguse puli. Ukivuta kamba, puli inavishika na kuizungusha flaiwili. Injini ikishika kasi, mzunguko unavitupa vidole nje, mbali na puli, na vinabaki huko muda wote injini inapozunguka. Ukizima, springi zinavirudisha. Nadhani ni moja ya suluhisho safi kabisa katika ufundi wa injini ndogo. Kasi yenyewe ndiyo inayotoa amri ya kuachia.

Injini za familia ya GX za Honda, zilizotoka mwaka 1983 na kuigwa na viwanda vingi vya China, zinafuata njia nyingine, na ndiyo ninayokushauri uifuate kwa pampu na jenereta. Hapa vidole vinakaa kwenye puli, na mbele ya flaiwili kuna kikombe cha chuma chenye madirisha. Ukianza kuvuta, kipande kidogo kinachozuiwa na msuguano kinachelewa nyuma ya puli, na ucheleweshaji huo unavifungua vidole vichomoze na kuingia madirishani. Injini ikiwaka, kikombe kinaupita mwendo wa puli na upande wa nyuma wa madirisha, uliolala mshazari, unavisukuma vidole ndani. Kamba inaporudi vinafunga kabisa. Vidole havizunguki na injini hata kidogo. Uzuri wake kwa anayejitengenezea ni kwamba sehemu zote ngumu ziko kwenye kava lililosimama, na kwenye krenki unaongeza kikombe tu.

Kabla ya kukata chuma, jibu swali moja: stata ya zamani ilivunjwa na nini? Stata nyingi huuawa na injini mgonjwa, na stata mpya kwenye injini hiyo itakwenda kwa njia ile ile. Toa plagi na uzungushe krenki kwa mkono. Ikiwa nzito hata hapo, tatizo liko kwenye beringi au pistoni. Ikiwa mafuta yanaruka kutoka tundu la plagi, silinda ilikuwa imejaa petroli au oili, na kuvuta kamba katika hali hiyo huvunja kitu. Angalia kichuma kidogo kinachoifunga flaiwili na krenki zisihamiane. Kikikatika, flaiwili inasogea, cheche inatoka wakati usiofaa, na injini inapiga teke: inawaka kabla pistoni haijavuka juu na kurudi nyuma kwa nguvu. Teke hilo huvunja vidole vya stata, hukata kamba, na huumiza vifundo vya mkono. Hapo hata stata ya kiwandani haiwezi kuokoka.

Kingine kinachosahaulika ni upenyo wa valvu. Kwenye GX160, kemshafti ina kichuma kinachoifungua kidogo valvu ya eksozi injini inapozungushwa polepole, ili mgandamizo upungue na mkono uweze kuivuta. Kasi ikipanda, mzunguko unakitupa kichuma pembeni na valvu inafunga kama kawaida. Upenyo wa valvu ya eksozi unapaswa kuwa milimita 0.20 injini ikiwa baridi, na wa valvu ya kuingiza 0.15. Upenyo ukiwa mkubwa, kile kichuma hakiifikii valvu, mgandamizo wote unabaki, na mtu anaanza kulalamika kwamba stata ni ngumu. Fila geji ya bei ndogo inaweza kukuepusha na kazi ya wiki nzima.

Sasa puli. Kipenyo chake ndicho kinachoamua kila kitu, na hupimwa kutoka kwenye mkono wa mtu kurudi kwenye injini. Mvuto mmoja wa mtu mzima ni kama sentimita 80 hadi 90. Puli yenye kipenyo cha sentimita 10 ina mzingo wa sentimita 31, kwa hiyo mvuto huo unaizungusha krenki karibu mara tatu. Injini ya mipigo minne hupata mpigo wa kuwaka mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo mizunguko mitatu inakupa nafasi moja ya uhakika na pengine ya pili. Mkono ukienda mita tatu kwa sekunde, krenki inazunguka kama mara 570 kwa dakika, kasi inayotosha kwa koili nzima. Ukipunguza puli hadi sentimita 6, unapata karibu mizunguko mitano na kasi ya zaidi ya 900, na karatasini inaonekana bora.

Lakini gharama iko kwenye mkono. Tuchukulie krenki inadai nyutoni mita 15 kuvuka mgandamizo. Kwa puli ya sentimita 10, mkono uko sentimita 5 kutoka katikati, na unahitaji kuvuta kwa nguvu ya kama kilo 30. Kwa puli ya sentimita 6, nguvu hiyo inakuwa kilo 50. Kijana wa gereji ataivuta na kucheka. Mama anayemwagilia mchicha alfajiri hataiweza, na ndiye mwenye pampu. Kwa injini ya ukubwa wa GX160, yenye sentimita za ujazo 163, ningebaki kati ya sentimita 9 na 11. Kwa injini ndogo za mipigo miwili za jenereta ya duka, 7 au 8 zinatosha.

Upana wa mfereji nao una kazi. Ukiufanya mwembamba, kamba inajizungusha juu yake yenyewe safu kwa safu. Mwanzo wa mvuto kamba inatoka safu ya juu, ambako kipenyo ni kikubwa na mkono una nguvu zaidi. Kadiri inavyotoka kipenyo kinapungua na kasi inapanda. Ni giya iliyokuja bila kutengenezwa. Mfereji mpana hauna faida hiyo, na kamba hulala ovyo na kujibana.

Puli unaweza kuikereza kwa aluminiamu au kwa nailoni nzito. Mafundi kerezo wa Gerezani jijini Dar es Salaam, Kamukunji jijini Nairobi au Katwe jijini Kampala wanaifanya kazi hiyo ukiwapelekea mchoro wenye vipimo. Neno mchoro nalitilia mkazo. Ukipeleka maelezo ya mdomo utarudishiwa puli ya mdomo. Andika kipenyo cha chini ya mfereji, upana wake, tundu la katikati, na mahali pa matundu ya vidole.

Springi ni jambo la kuheshimiwa. Ni utepe wa chuma kigumu uliojizungusha, mwisho mmoja umeshika kava na mwingine puli. Usijaribu kuitengeneza, itafute kwenye stata iliyokufa ya injini ya ukubwa unaokaribiana na wako. Springi ya mkanda wa kiti cha gari ni dhaifu kwa kamba nene. Unapoitoa au kuiingiza, vaa miwani na glavu ngumu, kwa sababu ikichomoka inafunguka yote kwa mara moja na kingo zake zinakata. Iingizwe kwenye chumba chake kwa kuanzia nje kwenda ndani, mzunguko mmoja baada ya mwingine, ukiibana kwa koleo. Kama ndoano ya mwisho imekatika, usiikunje upya ikiwa baridi, itavunjika tena. Ipashe moto sentimita mbili za mwisho tu mpaka ziwe nyekundu, ikunje, kisha iache ipoe yenyewe bila maji. Sehemu iliyobaki isiguswe na moto.

Hesabu ya springi ndiyo ambayo wengi huiruka, na kuiruka ndiko kunakovunja springi nyingi za kujitengenezea. Kamba ikiwa ndani, springi lazima iwe tayari imekazwa mizunguko miwili hivi, ili kishikio kisining'inie. Kamba ikivutwa yote, inaongeza mizunguko yake, tuseme minne. Na kamba ikifika mwisho kabisa, springi lazima ibakiwe na nafasi ya angalau mzunguko mmoja. Jumla yake saba. Kabla ya kufunga kamba, zungusha puli kwa mkono mpaka springi ikaze kabisa na uhesabu. Ukipata mitano tu, punguza urefu wa kamba au tafuta springi nyingine. Kinachopaswa kusimamisha mvuto ni kamba kuisha. Springi isije ikawa ndiyo breki.

Kikombe kifungwe chini ya nati ya flaiwili, au kwa bolti ndogo tatu kama flaiwili ina matundu yenye nyuzi. Usichomelee chochote kwenye flaiwili. Nyingi ni za chuma cha kumimina, ambacho hupasuka kwa moto wa ghafla, na sumaku zake hudhoofika zikipashwa. Ukifungua nati ya GX160, ifunge upya kwa spana ya kupimia hadi nyutoni mita 75. Ikilegea, kile kichuma cha kufungia kitakatika na utarudi kwenye mateke. Kikombe kikerezwe baada ya kukatwa, kisiachwe kama kilivyotoka kwenye grainda. Kikombe cha kipenyo cha sentimita 9 kwa mizunguko 3,000 kina kasi ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa kwenye ukingo wake, na kikiwa kimepinda upande mmoja kitatikisa krenki mpaka beringi zife. Madirisha yawe matatu au zaidi, yamegawanywa sawasawa, upande wa kusukumwa ukiwa wima na upande wa kurudi ukiwa umelala mshazari.

Vidole vikate kutoka kwenye springi ya lori, chuma kile kile ambacho mafundi wetu hutengenezea tindo na visu. Kata kikiwa kimelainishwa kwa moto, malizia kwa tupa, kisha kipashe hadi sumaku isikishike tena na ukitumbukize kwenye oili. Hapo kitakuwa kigumu mno na chepesi kuvunjika, kwa hiyo kipashe tena polepole mpaka uso uliosuguliwa ugeuke rangi ya bluu, kisha kiache. Tupa ya zamani haifai kwa kazi hii, maana ni ngumu lakini hupasuka. Vidole viwili vilivyokaa pande zinazotazamana ni bora kuliko kimoja, kwa sababu kimoja husukuma puli pembeni na kula bushi yake.

Kamba iwe ya polista iliyosukwa, ya milimita 5 kwa injini ya ukubwa huu. Nailoni ya kawaida inanyumbuka, na mnyumbuko huo hula sentimita kadhaa za kila mvuto. Katani ya Tanga ni kamba ya heshima kwa kazi nyingi, lakini hapa nyuzi zake hukatika kwenye mkunjo mdogo wa puli na hunyonya maji. Yeyusha ncha kwa moto kabla ya kupiga fundo. Tundu inamotokea kamba livalishwe bushi laini ya shaba au ya plastiki ngumu, na liwe katika mstari mmoja na mfereji wa puli. Likiwa juu au chini kidogo tu, kamba itasagwa upande mmoja. Kati ya sehemu zote, kamba ndiyo unayotaka iwe ya kwanza kuchoka, kwa kuwa hubadilishwa kwa dakika chache na kwa pesa kidogo. Usiweke waya wa chuma kwa kudhani unaongeza uimara. Utakuwa umehamisha uharibifu kutoka kwenye kamba kwenda kwenye vidole, springi na mkono.

Kava lenyewe huonekana kuwa kifuniko tu, na dhana hiyo imeua injini nyingi. Mapezi ya flaiwili ndiyo feni ya injini. Hewa inaingia kupitia kava la stata, inazungushwa na flaiwili na kupelekwa kwenye silinda. Ukichomelea bati zima lisilo na matundu, injini itawaka vizuri, itafanya kazi kwa muda, kisha itaungua. Weka matundu mengi, jumla ya uwazi wake usipungue wa kava la kiwandani la injini inayofanana, na kama injini inakaa kwenye mashine ya kukoboa, weka wavu unaoweza kutolewa na kufutwa pumba kila siku.

Wakati wa kufunga, usikaze bolti za kava mara moja. Ziache zimelegea, vuta kamba taratibu mpaka vidole vishike kikombe, na ukiwa umeishikilia hivyo kava litajisogeza lenyewe katikati ya krenki. Kaza bolti hapo hapo, kamba ikiwa bado imevutwa. Ni hatua ya nusu dakika, na hakuna rula inayoweza kulingana nayo.

Jaribio la kwanza lifanywe plagi ikiwa imetolewa na waya wake umefungwa kwenye bodi ya injini. Vuta mara nyingi, polepole na kwa haraka, usikilize kama vidole vinashika bila kugonga na kama kamba inarudi yote. Kisha zungusha flaiwili kwa mkono upande inaozunguka injini, huku kamba ikiwa ndani: usisikie mguso wowote. Ukisikia hata mlio mdogo, fungua, tafuta, rekebisha. Rudisha plagi baada ya hapo tu. Unapovuta kwa ajili ya kuwasha, vuta kwanza kidogo mpaka uhisi mgandamizo, rudisha kamba, kisha vuta kwa nguvu moja. Kamba isizungushwe kamwe kwenye kiganja wala kidole, na kishikio kisiachiwe kijirudie chenyewe kwa kishindo.

Injini ikishawaka na kuzimwa, mwite yule atakayeiwasha kila siku, umpe kishikio, naye aiwashe mbele yako. Akishindwa kuivuta, puli yako ni ndogo mno. Rudi kwa fundi kerezo.